Uwanja wa nyumba kwa pesa ndogo: kipi ununue mwanzo Unguja na Pemba, kipi kisubiri

Ukipita Fuoni, Tomondo au Chukwani utaona nyumba nyingi zimeshaezekwa na kupakwa rangi, lakini nje bado pamejaa fusi la ujenzi, vipande vya matofali na madimbwi. Pesa imeishia kwenye bati na madirisha. Kilichobaki ni laki mbili tatu, na kila mgeni anayepiga hodi ana ushauri wake: tandika pevingi (vile vipande vya zege vya kutandika chini), panda nyasi, mwaga kokoto. Hapa nimevipanga vitu hivyo kwa zamu ya kununua, kuanzia kinachostahili shilingi yako ya mwanzo mpaka kile nisichokitaka hata nikipewa bure. Kipimo changu ni kimoja: kitu hicho kitakula maji na pesa kiasi gani mwaka wa pili. Bei ya siku ya kununua haikwambii mengi.

Kabla ya kutoa pesa

Chimba shimo la kina cha goti. Upande wa magharibi wa Unguja, kama Dole, Kizimbani na Mwera, jembe mara nyingi huzama kwenye udongo wa kina, na ukipata kinongo, ule mwekundu, karibu kila utakachopanda kitakubali. Paje, Jambiani, Makunduchi, na kwa Pemba upande wa Micheweni, jembe litagonga jiwe: uko maweni. Kichanga, udongo wa mchanga, ni chepesi kuchimba lakini hakishiki maji. Kinamo, udongo wa mfinyanzi, kinayashika mpaka yanatuama.

Jibu la shimo hilo ndilo linaloamua ununue nini. Maweni kuna chokaa nyingi ardhini, na chokaa huuzuia mmea usipate madini ya chuma. Ndiyo maana mndimu wa huko hugeuka majani ya manjano huku mishipa ikibaki kijani, na mwenyewe akaongeza mbolea ya dukani mwezi baada ya mwezi bila ya kuona tofauti. Panda kitu kingine tu.

Na subiri mvua moja kubwa uone maji yanakwenda wapi. Yakirudi ukutani, kwatua ardhi mpaka iteremke kutoka kwenye nyumba, sentimita 2 kwa kila mita. Kazi hiyo ni ya jembe, kamba na jioni chache. Hakuna cha kununua. Ukiiruka, kila utakachotandika juu yake kitasombwa masika yakianza.

Nambari moja: samadi na makumbi

Hakuna anayepiga picha ya samadi, lakini hapa ndipo pesa ndogo inapofanya kazi kubwa. Nunua samadi ya ng'ombe iliyokaa, ile nyeusi inayomong'onyoka na isiyonuka. Ukitia mkono katikati ya lundo ukahisi joto, haijaiva. Ya kuku ni kali zaidi. Ilaze wiki kadhaa kabla ya kuikaribisha kwenye mzizi.

Makumbi, yale maganda ya nje ya nazi, ni bahati yetu watu wa visiwani. Kwa wafuaji nazi mara nyingi utayapata bure au kwa gharama ya gari ya ng'ombe tu. Yapange kuzunguka shina, mgongo juu, ukiacha nafasi ya kiganja yasigusane na gome. Ardhi iliyofunikwa hivyo haikauki upesi wakati wa kaskazi, na magugu hukosa mwanga. Vifuu ni kitu kingine: vikikaa kifudifudi havina neno, vikikaa chali vinajaa mvua na kuzaa mbu.

Nambari mbili: kivuli

Nunua miche midogo. Muuzaji atakuvuta kwenye ule mrefu wenye ua moja juu, na bei yake mara tatu, lakini mche mdogo ukipandwa mwanzo wa masika mara nyingi humfikia kaka yake, kwa sababu mizizi yake haijajikunja. Inua kiriba, ule mfuko wa mche, utazame chini: mizizi iliyotoka na kuzunguka kama kamba ya ndoo ni dalili kwamba mche umekaa kitaluni kupita muda wake. Geuza na majani. Ukiona unga mweupe unaonata, urudishe, maana unapeleka wadudu nyumbani kwa pesa yako.

Kwa haraka, hakuna kinachoshinda mpapai na mgomba. Mgomba uweke pale yanapotoka maji ya kuoshea vyombo, kama walivyofanya wazee. Mpapai uweke mahali pakavu, kwa sababu maji yakituama mizizi yake huoza, na kwenye kinamo usijaribu kabisa. Kwa muda mrefu, chagua kwa ardhi: mwembe wa kubebesha (uliounganishwa) penye udongo wa kina, mwarobaini, mkomamanga au mkunazi penye mawe na ukame. Maweni hakuna haja ya kupasua jiwe. Pitisha mtaimbo utafute mfuko wa udongo kati ya mawe, ujazie samadi, upande hapo hapo, hata kama si pale ulipopachora kwenye karatasi.

Mwembe na mfenesi viwe mita 8 au zaidi kutoka ukutani, na mti wowote uwe mbali na karo, lile shimo la maji machafu. Mkrismasi unapendeza ukichanua, lakini mizizi yake hutambaa juu juu na kuinua sakafu. Mnazi karibu na bati au maegesho ni kesi inayosubiri siku yake.

Vya kunukia usivinunue. Mwasmini hushika kwa kijiti, mrihani humea kwa mbegu za jirani, na mkadi huchipua machipukizi ubavuni. Omba. Ukiwa na mwasmini uliokubali, msimu wa harusi utaombwa wewe, na wako watakaokulipa kwa ajili ya vikuba, vile vishada vya kunukia.

Nambari tatu: kokoto

Kwa njia ya kupita, mbele ya mlango na uani penye kamba za nguo, kokoto ndiyo inayonishawishi kuliko vyote vya kutandika. Maji yanapita, tope halipandi ndani, na haihitaji fundi. Nyingi ya zile za bei nafuu ni za mawe ya matumbawe, zinazopondwa kwa nyundo na akina mama vijijini na kulundikwa kando ya barabara. Ukinunua pale pale, pesa inamfikia aliyeponda.

Shida ni kipimo. Utauliza, "Bi, gari moja hapa ni ndoo ngapi?" utajibiwa, "Mwanangu, sisi hatuhesabu ndoo, twahesabu lundo." Basi wewe nenda na futi ya kupimia. Kokoto iliyotandikwa kwa kina cha sentimita 5 hufunika mita za mraba 20 kwa kila mita moja ya ujazo. Pikapu yenye bodi ya urefu wa mita 2, upana wa mita 1.5, na mzigo wa kimo cha mita 0.3 uliosawazishwa, imebeba mita za ujazo 0.9, yaani mita za mraba 18. Sema usawazishwe mbele yako. Mzigo uliolundikwa katikati na kuachwa mtupu pembeni huonekana mwingi kwa mbali.

Kisha sugua chache kiganjani. Zikiacha unga kama wa muhogo, ni laini; zitafaa chini ya kamba za nguo lakini tairi ya gari itazisaga mpaka ziwe vumbi jeupe. Gonganisha mbili: ngumu hulia, laini hufifia. Chukua za ukubwa wa kunazi kwa njia ya miguu, kubwa kidogo penye matone ya bati. Na ukingo ni lazima, hata wa vipande vya matofali vilivyobaki kwenye ujenzi, la sivyo watoto watazihamishia mtaroni kwa miguu tu.

Mchanga wa pwani usiufikirie. Kuuchota kiholela hakuruhusiwi, chumvi yake inaua mimea, na fukwe zetu zimeshaliwa vya kutosha. Hata wa mashimoni siku hizi uko chini ya usimamizi wa serikali, kwa hivyo anayekuletea usiku kwa bei ya kushangaza muulize ametoka wapi.

Nambari nne: baraza

Matofali machache, saruji, chokaa ya kupaka, fundi wa siku moja. Uwanja wenye baraza chini ya mti umekamilika hata kama pengine pote ni udongo mtupu uliofagiliwa.

Nambari tano: uzio wa mimea

Mhina unafaa sana: unavumilia jua, unakatika ukakaa sawa, na majani yake yana kazi nyumbani. Mnyaa nao humea kwa kijiti bila ya kubembelezwa, lakini utomvu wake ukiingia jichoni ni hospitali. Mbono kaburi mbegu zake ni sumu. Penye watoto wadogo, viwili hivyo viache. Kama unahitaji stara leo hii, weka makuti na upande mhina nyuma yake. Makuti yakija kuoza, mimea imeshashika zamu.

Nambari sita: nyasi

Najua wengi wangeziweka juu. Hesabu kwanza. Wakati wa kaskazi, mita moja ya mraba ya nyasi hutaka kama lita 5 kwa siku ili ibaki kijani. Kiwanja cha mita za mraba 40 ni lita 200, yaani madumu 10 ya lita 20, kila siku, katika mtaa ambao maji ya bomba huja kwa zamu. Kisima cha karibu na pwani nacho mara nyingi kina chumvi.

Kama moyo umeshapenda, weka kipande kidogo, pale mnapokaa tu. Penye kivuli chagua nyasi pana za Pemba. Penye jua kali ukoka wa kawaida unatosha na huutoi pesa, unaung'oa penye mwenyewe radhi. Maji yako yakiwa na chumvi, uliza paspalamu, aina ya nyasi inayoyavumilia. Usinunue mabunda ya kufunika pote. Nunua kidogo, chana vipande, panda kwa nafasi ya shubiri mwanzo wa mvua, na zitafungana zenyewe.

Nambari saba: pevingi

Ni nzuri na zinadumu, ila kwa bajeti hii zisitandikwe uwanja mzima. Vipande vya sentimita 20 kwa 10 vinaingia 50 kwa mita ya mraba. Maegesho ya mita 2.5 kwa 6 ni vipande 750, ukiacha mchanga wa chini na fundi. Tandika mistari miwili ya matairi, kila mmoja upana wa sentimita 60, na hesabu inashuka hadi 360. Katikati mwaga kokoto. Kwa gari ndogo unene wa sentimita 6 unatosha. Omba kuvunja kimoja kabla ya kulipa: ndani kiwe na rangi moja, na ukikwaruza pembe kwa ufunguo kisitoe mchanga mchanga.

Ya mwisho: nyasi za plastiki

Kabla ya Idi madukani huwa zimekunjwa kama mazulia, na zinauzika. Zitandike juani saa saba mchana, kisha mwambie mwanao apite pekupeku. Zinashika joto kuliko udongo, vumbi la barabarani linaganda ndani yake, na rangi ikipauka hakuna mvua itakayoirudisha. Kwa gharama ile ile unapata pikapu ya kokoto ngumu na miche ya uani kote, na pengine chenji ya kumlipa wa gari ya ng'ombe.