Tingatinga pale Morogoro Stores: nilimpeleka mtoto kuchora, nikajikuta nimekaa mpaka saa nane

Jamani wenye watoto, na nyie mnaofanya kazi za ubunifu alafu kichwa kimeganda, naomba niwaambie kuhusu pale kwa wachoraji wa Tingatinga (ule mtindo wa kuchora wanyama kwa rangi kali), Morogoro Stores, Oysterbay, hapa Dar. Mi ni dizaina, nashinda kwenye kompyuta natengeneza matangazo ya watu, na miezi hii ya karibuni nikifungua ukurasa mpya naukodolea macho tu mpaka chai inapoa. Jumamosi nikamchukua mwanangu, ana miaka tisa, tukapanda bajaji tukaenda, tumefika saa tatu asubuhi tumetoka saa nane mchana na bado alikuwa hataki kuondoka.

Kwanza niseme tulishawahi kwenda darasa la kuchora kwenye hoteli moja ya ufukweni, jina siliweki. Mtoto alipewa karatasi ina tembo kashachorwa tayari, yeye kazi yake ni kujaza rangi, akapaka zambarau, dada anayefundisha akamwambia tembo ni wa kijivu. Mwanangu akaweka brashi chini na hakuishika tena. Iliniuma kwelikweli kwa sababu hata sisi makazini ndo tunavyofanyiwa, unaambiwa uwe mbunifu wakati mistari imeshachorwa na mtu mwingine.

Sasa pale Tingatinga tulipokelewa na mzee mmoja amekaa chini, picha ipo mbele yake, makopo ya rangi yamemzunguka, vifuniko vya makopo ndo sahani zake za kuchanganyia. Mtoto akasema shikamoo babu, mzee akaitikia marahaba mjukuu wangu, umekuja kuchora au umemsindikiza mama? Basi ikaisha hapo, urafiki ukawa umeanza.

Kwa wasiojua, hii rangi ni ya mafuta, ile ile ya kupakia mageti na baiskeli, inakauka taratibu, kwahiyo bakigraundi inapakwa mapema na kuachwa ikauke ndo unakuja kumchora mnyama juu yake. Mtoto akachagua kanvasi ambayo ilishapakwa, chini rangi ya chungwa inapanda kuwa njano. Akasema anataka twiga. Mzee hakumchorea, alimuonyesha kitu kimoja tu, namna ya kuegemeza kidole kidogo kwenye kanvasi ili mkono usitetemeke, alafu akamuonyesha rangi inavyotakiwa kudondoka kutoka kwenye brashi, ikiwa nzito haitembei na ukizidisha tina (kile kimiminika cha kulainishia rangi) inatiririka mpaka kwenye miguu ya mnyama. Baada ya hapo akarudi kwenye picha yake.

Twiga akaja na shingo fupi na amevaa raba nyekundu. Nikaona sasa mzee atasema twiga havai viatu. Mzee akainama akaangalia kwa muda, akauliza, "Hizi raba zina kamba au hazina?" Mtoto akafikiria, akasema zina. "Basi zifunge, atajikwaa." Yule mtoto alitumia kama dakika ishirini kufunga kamba za viatu vinne kwa brashi nyembamba, ulimi nje, hajawahi kutulia hivyo hata kwenye katuni. Pale nilielewa kitu kuhusu kucheza, kwamba ukishakubali mchezo inabidi uufuate mpaka mwisho, twiga akishavaa viatu basi kamba lazima zifungwe vizuri.

Na wenyewe wanacheza hivyo hivyo. Kaka mmoja alikuwa anachora nyati, miguu ikawa myembamba, jirani yake akamrushia utani, "Huyo nyati wa kwenu mtani, anashindia mihogo." Watu wakacheka mpaka brashi zikasimama. Nilidhani ataifuta ile miguu. Wapi, alichovya brashi kwenye rangi nyeupe akamuwekea nyati muhogo mdomoni, akaendelea. Utani umeingia kwenye picha! Wangekuwa kila mtu kajifungia chumbani kwake ule muhogo usingekuwepo. Mi ofisini kwetu tunavaa hedifoni wote, na tunajiuliza kwanini kazi zetu zimepoa.

Hii ya kukaa pamoja ina historia yake. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora hapa Dar mwaka 1968, shule ya sanaa hakusoma, alitumia hadibodi (ule ubao mwembamba wa kiwandani) na rangi ya mafuta. Vipande vyake vingi vilikuwa futi mbili kwa mbili, yaani hadibodi moja ya futi nane kwa nne inakupa picha nane. Alifariki 1972, miaka minne tu tangu aanze, lakini alishakuwa amewafundisha vijana wachache, wengi ndugu zake, nao wakafundisha wengine, na mwaka 1990 wakasajili chama chao cha ushirika. Nadhani ile hadibodi ilisaidia sana. Kifaa cha bei rahisi huogopi kukiharibu, na mtu asiyeogopa kuharibu ndo anayecheza.

Kuna watu wanasema picha za Tingatinga zote zinafanana. Ni kweli soko la watalii linataka tembo na Kilimanjaro, na tembo na Kilimanjaro zikizidi mchezo unapungua, hilo nalikubali na linanisikitisha. Ila usiangalie ukiwa umesimama mlangoni. Chuchumaa uangalie kanga (yule ndege, siyo nguo), madoa meupe moja moja, kila doa limeguswa kwa ncha ya brashi na hakuna mawili yaliyo sawa. Mkono ulioshachora kanga wengi kiasi hicho haufikirii tena manyoya, kwahiyo kichwa kinabaki huru kuchezea jicho, mkia, nani anamuangalia nani. Nilinunua mmoja anayenitazama kwa jicho la kumdai mtu kodi.

Mambo ya kujua kabla hujaenda. Vaa nguo ambazo huzionei huruma, rangi ile ikishika haitoki. Harufu ya tina ipo, mwenye pumu akae nje penye upepo. Bei inategemea ukubwa na kazi iliyomo, ulizeni na mkubaliane mapema, mazungumzo yapo ila jamani msimbanie mtu aliyeweka madoa elfu moja kwa mkono. Na picha ya siku hiyo hiyo haibebeki, usikubali kuikunja, rangi inanatana na ukikunjua inabanduka. Ya kwetu tuliiacha ikauke tukaifuata Jumanne.

Jumatatu nilipita duka la vifaa vya ujenzi nikachukua vipande vya hadibodi vilivyobaki kwa fundi, kopo dogo la rangi nyeusi na brashi mbili, nimeviweka pembeni ya kompyuta. Tangazo la sabuni lililonishinda wiki tatu nimelianzia huko, na sasa hivi lina bata amevaa kofia ya kuogea, mtoto ameshauliza kama ile kofia ina lastiki.