Riwaya za ndoa za makubaliano kutoka meza ya vitabu vya mtumba hapa Mtwara, nimesoma 14

Naandika hii kwa ajili ya dada zangu wa Mtwara na Lindi mnaopenda kusoma, maana watu kama watatu hivi wameniuliza vile vitabu ninavyokaa navyo saluni mchana ni vya nini na navipata wapi. Ni riwaya za mapenzi za kizamani, za Uingereza ya miaka ya 1800 na kitu, na mi nimeng'ang'ania aina moja tu, zile ambazo watu wawili wanajikuta wamechumbiana bila kutegemea au wanaoana kwa shida fulani, deni, urithi, aibu, watoto yatima wa kulea, halafu mapenzi yanakuja nyuma ndoa ikiwa ishafungwa. Toka msimu wa korosho uliopita mpaka leo nimemaliza 14, viwili nimevirudia, vitatu nimeviacha katikati.

Nianze na duka lenyewe. Ni meza tu, kijana anapanga vitabu kuanzia saa tatu asubuhi sio mbali na soko, vya shule mbele, vya dini pembeni, riwaya anaziweka chini kwenye boksi kwa hiyo lazima uiname. Kimoja 2,000, ukirudisha kikiwa kizima anakupa kingine kwa 1,000, na hiyo ndo bei ambayo mtu wa kawaida anaweza kusoma bila kuumia. Yeye mwenyewe hazisomi ila anakumbuka wateja wake wanapenda nini, akipata mzigo kutoka Dar ananiwekea zile zenye mwanamke wa gauni refu kwenye kava. Nampa sifa zake hapo. Lawama yangu nitaisema mwishoni maana bado inaniuma.

Kiingereza chake sio kigumu kama watu wanavyoogopa. Ukizoea kurasa 30 za kwanza unakuta maneno ni yale yale yanajirudia, diuki na lodi (vyeo vya wakubwa wa kule), gari la farasi, "ball" ambayo sio mpira wa kuchezea, ni sherehe ya dansi, na barua, barua nyingi sana. Nyingi zimewekwa kati ya 1811 na 1820, kipindi ambacho mfalme George wa tatu alikuwa mgonjwa wa akili na mwanae ndo anashika nafasi, na vita na Wafaransa viliisha Waterloo 1815, kwa hiyo utakutana na wanaume wengi waliorudi na kovu au mguu mbovu na hawataki kuongea na mtu.

Sasa mi nasuka, na rasta ndogo ni masaa manne matano mteja amekaa tu, kwa hiyo nilianza kuwasimulia. Na hapo ndo nilipoanza kuvielewa hivi vitabu kweli kweli, maana ukisoma peke yako unapita juu juu, ukimsimulia mama wa Kimwera aliyekaa chini yako na kichwa amekuachia, atakusimamisha.

Kilikuwa kitabu cha nne au cha tano. Binti baba yake amefariki, hakuna mtoto wa kiume, nyumba na mashamba yote yanachukuliwa na anko wake, binti anapewa wiki mbili awe ametoka. Jirani yao katoka vitani, anahitaji mke ili apate malezi ya watoto wa marehemu kaka yake, basi anamwambia tuoane, wewe utapata pa kukaa mi nitapata watoto, hatudaiani kingine. Mi nikasema mjomba kamfukuza. Yule mama akainua kichwa na rasta mkononi mwangu, akasema subiri kwanza, mjomba anarithi vipi mali ya shemeji yake? Na mjomba gani anamfukuza mtoto wa dada yake? Wenzake wote wakaunga, mmoja akasema basi huyo hana akili timamu au stori ni ya uongo.

Nilirudi nyumbani nikafungua tena. Na kweli, yule alikuwa mdogo wake baba. Baba mdogo! Kiingereza kinawaita wote anko, wa kwa mama na wa kwa baba, mi nikaona anko nikaandika mjomba kichwani. Na kwa stori kama hizi hiyo tofauti ndo kila kitu, maana vyeo vyao na mashamba yao makubwa yalikuwa yanashuka kwa wanaume upande wa baba, kwa hiyo baba mdogo anaingia na binti anatoka. Kwetu sisi ambao ukoo toka zamani umefuata mama, Wamakonde, Wamwera, Wayao, mjomba ndo mwenye neno kwenye posa, ukimsikia mjomba unategemea mtu wa kukusimamia. Kesho yake nikawaambia ni baba mdogo, wakasema aaah, hapo sawa, endelea.

Kitu cha pili kilichotushinda mwanzoni ni pesa. Kwenye hivi vitabu utasikia binti ana mahari pauni elfu kumi wanaume wanamfukuzia, na saluni wakawa wanauliza sasa kama mahari yake ni kubwa si ndo anakuwa ghali, mbona wanamkimbilia? Ni kwamba kule pesa ilikuwa inatoka kwa baba wa binti kwenda na binti kwa mume. Ukitafsiri mahari unapoteza maana, mi sasa hivi nasema fungu la binti. Na mbaya zaidi, akishaolewa pesa yake ikawa ya mume, isipokuwa kama wazee wake waliandikishana mapema kwa mawakili itengwe kwa ajili yake, na hali hiyo iliendelea hivyo mpaka sheria ya 1882 ndo mwanamke aliyeolewa akaruhusiwa kumiliki vyake kikamilifu. Mteja wangu mmoja alinyamaza muda, akasema mahari yangu mimi nilikabidhiwa mkononi, nikanunulia cherehani, mpaka leo ni yangu na mume wangu akitaka kushonewa suruali ananiomba. Ukishalijua hilo unaelewa kwa nini msichana kwenye kitabu anatetemeka kusema ndio hata kama mwanaume ni mzuri wa sura. Anaweka kila kitu alichonacho kwenye mkono wa mtu asiyemjua, na talaka hakuna, maana kabla ya 1857 ili uachike kabisa na uweze kuoa au kuolewa tena ilibidi bunge lipitishe sheria kwa ajili yako wewe mmoja. Nani ana pesa hiyo.

Kwa hiyo kipimo changu cha kwanza nikinunua ni SABABU. Kwa nini hawa wawili lazima waoane, na kwa nini wasingoje? Mwandishi mzuri anakuonyesha deni ni shilingi ngapi, nani anadai, lini anakuja. Mwandishi mvivu anakwambia tu bibi wa diuki kaandika kwenye wosia kwamba mjukuu aoe kabla hajafika miaka 30, basi, na huyo mjukuu tayari ana majumba matatu, sasa shida iko wapi? Vile vitatu nilivyoacha vyote vilikuwa hivyo. Mwanaume tajiri anayelazimishwa kuwa tajiri zaidi hainitoi machozi.

Zile za uchumba wa bahati mbaya, mtu kaonekana bustanini na mwanaume usiku au barua imefika kwa mtu siye, zenyewe nazipenda zaidi maana shida inaeleweka hapa hapa mtaani. Binti akisemwa kasemwa. Na kule mwanaume aliyevunja ahadi ya kuoa alikuwa anaweza kushtakiwa alipe fidia, jambo ambalo watu wanaona la ajabu ila sheria yetu ya ndoa ya 1971 nayo inaruhusu mtu kudai fidia ahadi ya ndoa ikivunjwa, sio wengi wanajua. Hata yale matangazo ya kanisani Jumapili tatu yaliyotiliwa mkazo na sheria yao iliyoanza 1754 ni ndugu wa siku 21 za kwetu za kubandika tangazo. Ndo maana wapenzi wao wanakimbilia Scotland, kijiji cha Gretna Green hapo hapo mpakani, kwa sababu sheria ile kule haikufika. Saluni hiyo sehemu ya kukimbia na gari la farasi usiku huwa naambiwa niirudie.

Kosa moja ambalo limejaa humo na linaniudhi. Wanaandikiana mkataba kwamba hatutalala pamoja, baada ya mwaka tutaenda kusema ndoa haikukamilika ivunjwe kila mtu aende. Nusu ya vitabu vina hili. Kwa sheria yao ya wakati huo kutolala pamoja peke yake hakukutosha kuvunja ndoa, ilibidi kuthibitisha kwamba mmoja hana uwezo kabisa, tena mbele ya mahakama ya kanisa, aibu tupu. Mwandishi anayejua hili anakuwa na stori kali mara mbili, maana wahusika wanagundua kwamba mlango waliodhani uko wazi umefungwa. Nimekutana na mmoja tu aliyefanya hivyo na hicho kitabu ndo kimojawapo cha vile nilivyorudia.

Kipimo cha pili nimefundishwa na bibi yangu. Bibi ni wa Newala, sasa hivi anakaa na sisi hapa mjini kwa ajili ya macho yake. Yeye aliolewa kwa maneno ya mjomba wake, babu alimuona siku alipoletwa, na babu ndo alihamia kwao akalima shamba la mama mkwe misimu miwili kabla hajaitwa mtu wa pale. Namsimulia jioni tukimenya ming'oko. Huwa ananisikiliza mpaka mwisho halafu anauliza swali moja tu, "Alimfanyia nini?" Sio alimwambia nini. Nikimwambia alimwambia macho yako kama nyota, bibi anageukia sufuria.

Siku moja nikamuuliza na yeye, babu alikufanyia nini bibi. Akasema kule juu maji yalikuwa shida, mnashuka bondeni usiku mnafika alfajiri mnapanda na mtungi kichwani, kazi ya wanawake hiyo hakuna mwanaume anashika. Nilipokuwa na mimba kubwa ya mama yako, babu yako alishuka mwenyewe. Wanaume wenzake walimcheka njia nzima. Hakusema kitu, aliweka ndoo mlangoni akaenda shamba.

Tangu siku hiyo nikisoma naitafuta hiyo ndoo. Kwenye vitabu vizuri ipo. Kuna kimoja mume amemuona mkewe anasoma kwa mshumaa mmoja kwa sababu alizoea umaskini, hakusema neno, kesho yake meza yake imewekwa mishumaa sita na kila jioni inabadilishwa. Kingine mke anamfundisha mume kushika kijiko kwa mkono wa kushoto baada ya kuumia vitani, na chakula chote wanakula wawili tu milango imefungwa ili watumishi wasimuone anamwaga supu. Hapo nililia saluni na mteja alikuwa kwenye draya. Vitabu vibovu vinakimbilia busu ukurasa wa 50 na baada ya hapo wanagombana kwa jambo ambalo wangeulizana dakika mbili lingeisha, kurasa 200 za kutoulizana, mtu unachoka.

Mambo ya chumbani yapo, nisiwadanganye, mengine yameandikwa kwa adabu mengine yamefunguliwa sana. Kama una watoto wa sekondari nyumbani weka juu ya kabati. Mi sio kinachonipeleka kule lakini sioni ubaya kwa mtu mzima aliyeolewa, mambo haya somo yako alishakufundisha.

Haya, lawama yangu. Mwezi uliopita yule kijana aliniuzia kitabu kizuri kuliko vyote 14, mwanamke mwenye duka la vitambaa amekubali kuolewa na nahodha ili asifungwe kwa deni la kaka yake, nahodha anasafiri wiki moja baada ya ndoa, wanajuana kwa barua miaka miwili nzima. Nimefika siku anayorudi, meli imeonekana, mke yuko gatini na ile barua ya mwisho ambayo hakuituma, nageuza ukurasa, HAMNA. Zimechanwa kama kurasa 20 hivi. Nilimrudishia, akasema hajui, mzigo ulikuja hivyo, akanipa kingine bure lakini sio hicho nilichotaka. Kwa hiyo ukienda pale anza na ukurasa wa mwisho, hesabu, ndo utoe hela. Na angalia unyevu, vikikaa chini kipindi cha mvua vinaota ukungu kwenye uti.

Saluni wamegawanyika. Mama wa Kimwera anasema ile barua alimpa, dada wa cherehani anasema hakumpa, alimwambia kwa mdomo. Bibi yeye ameuliza nahodha aliporudi alibeba nini mkononi, na sina cha kumjibu. Kava lake ni la bluu, mwanamke amesimama gatini ameshika kofia isipeperuke na upepo, jina limefutika nusu. Mwenye nakala nzima, Mtwara, Mikindani, Lindi, hata Masasi, naomba niazime siku moja tu, nitamsuka bure.