Mashine ya Presha Kwanza, Mkanda wa Umeme Mwisho: Mwongozo kwa Mnunuzi wa Tanga

Mikanda inayopitisha umeme hafifu kichwani inatangazwa kwenye simu zetu kuwa tiba ya moyo kwenda mbio, usingizi wa mang'amung'amu na presha, na mkazi wa Ngamiani mwenye akiba ndogo ana haki ya kujua aanze kununua kipi. Presha na mapigo ya moyo huongozwa na neva zinazofanya kazi bila sisi kuziamuru: upande mmoja huharakisha, na mwingine, hasa kupitia neva ya vagasi, hutuliza.

Nafasi ya kwanza naipa mashine ya presha inayofungwa juu ya kiwiko. Kabla ya kulipa, pima mzunguko wa mkono kwa futi ya fundi cherehani, kwa sababu mkanda wa kawaida wa mashine hiyo hufaa mkono wa sentimita 22 hadi 32, na mkono mnene ukifungwa mkanda mdogo, presha husomeka juu kuliko ilivyo. Muulize muuzaji kuhusu usajili wa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba nchini, na aiwashe hapo hapo dukani. Nyumbani, keti kimya dakika 5, mgongo umeegemea na mkono uko usawa wa moyo, kisha pima mara 2. Wastani wa 135/85 au zaidi, ukijirudia siku kadhaa, upeleke kituo cha afya au hospitali ya Bombo.

Mashine ya presha ya kifundo cha mkono ni nyepesi, lakini ikishuka chini ya usawa wa moyo hupotosha; inunue tu ikiwa mkanda wa juu ya kiwiko haukuenei. Anayetaka kufuatilia nafasi kati ya pigo na pigo atafaidika zaidi na mkanda wa kifuani wa kupima mapigo kuliko saa ya mkononi.

Mkanda wa umeme nauweka mwisho. Majaribio mengi hutumia miliampia 1 hadi 2 kwa dakika 20 hivi, kwa hoja kwamba sehemu ya mbele ya ubongo huwasiliana na shina la ubongo linalouongoza moyo. Lakini matokeo hayalingani, kwani baadhi ya watafiti waliona mabadiliko madogo ya mapigo na wengine hawakuona lolote. Sponji ikikauka, ngozi huweza kuungua. Mwenye kifafa, chuma kichwani au kifaa cha kurekebisha mapigo asiuguse bila idhini ya daktari. Anayeutaka hata hivyo awe kwanza na vipimo vya presha vya wiki 2, maana bila hivyo hatajua kama umembadilisha chochote.