Usafiri wa kambi hadi kambi: ndege sina neno, dawati la abiria ni aibu

Nataka kutenda haki, kwa hiyo naanza na sifa. Muda wote niliokuwa kwenye operesheni, usafiri wa anga kati ya kambi zetu ulinifikisha salama kila nilipopanda. Marubani wanaijua kazi yao. Hata C-130, aina ya ndege iliyoanza kuruka mwaka 1954, sina la kuilalamikia: mnakaa ubavuni kwenye viti vya turubai, magoti yanagongana, masikio yanavuma, lakini mnafika. Nilikusudia kuwapa alama nzuri na kunyamazia mengine.

Nimeshindwa kunyamaza.

Kusubiri kwenyewe askari amekuzoea. Vumbi likitimka rubani haoni ardhi anapotua, na hakuna anayetaka kushushwa kwa kubahatisha. Mchana wa jua kali hewa inakuwa nyepesi, helikopta haiwezi kuinua uzito iliouinua alfajiri, basi watu wanapunguzwa. Ndiyo maana tunapimwa kwenye mizani na kila kitu tulichobeba, fulana ya kuzuia risasi mwilini na kofia ya chuma kichwani. Akiletwa majeruhi, tunampisha bila kuambiwa mara mbili. Hayo hayaniudhi hata kidogo.

Kinachoniudhi ni kukalishwa gizani. Ukiwa njiani kati ya kambi mbili, huna mwenyewe. Kambi uliyotoka umesharudisha kitanda na jina lako limeondolewa kwenye hesabu ya chakula. Kambi unayokwenda bado haikujui. Anayejua utaondoka lini ni yule aliyeshika orodha dawatini, na wa siku ile aliamua habari hizo ni mali yake binafsi. Tuliitwa majina mapema, tukaonywa tusitoke ukumbini kwa sababu asiyeitika anafutwa. Tukakaa. Usiku ukaingia, ndege zikatua, zikaondoka. Kila aliyekwenda kuuliza alipewa jibu lilelile: "Utaitwa."

Pembeni yangu alikaa askari kijana aliyekuwa anakwenda nyumbani kwa ruhusa ya msiba. Baba yake alikuwa amefariki. Karatasi yake ilikuwa na sahihi na muhuri, na jina lake lilisomwa kwenye orodha, nililisikia kwa masikio yangu. Karibu na alfajiri helikopta ikatua. Tukajipanga, magazini zimetolewa, midomo ya bunduki chini, maana injini na rafadha ziko juu ya vichwa na risasi ya bahati mbaya isielekee huko. Mara yule wa dawatini akatokea na orodha nyingine, akakata majina ya mwisho. La kijana likiwemo. Nafasi zao zilikuwa zimechukuliwa na masanduku.

Kijana akasema kwa adabu kabisa, "Afande, mimi nina msiba."

"Kila mtu hapa ana shida zake. Kaa chini." Hata uso hakuuinua kwenye karatasi.

Nimejaribu kumtetea. Labda naye alikuwa amekesha, labda amri ya masanduku ilitoka juu. Nilikuwa tayari kuandika hivyo na kuishia hapo, lakini kadiri ninavyoandika damu inachemka upya, na utetezi huo naufuta. Uchovu haumzuii mtu kumtazama mfiwa usoni. Kumwambia "pole, ndege inayofuata wewe ndiye wa kwanza" kusingeizidishia helikopta uzito.

Nilimfuata, nikamkumbusha kwamba kwa utaratibu aliotusomea yeye mwenyewe, ruhusa ya msiba inatangulia. Nikaambiwa, "Koplo, usijifanye wakili."

Aliyetusaidia hakuwa mtu wa dawati. Mhudumu wa helikopta, yule anayepanga mizigo, alishuka kuhesabu watu, akakuta mabishano, akauliza mwenye msiba ni nani. Akarudi ndani, akashusha sanduku kwa mikono yake, akampungia kijana apande. Rafadha zilikuwa zinazunguka, hakuna kusikilizana. Alimfunga mkanda yeye mwenyewe na kumpa vizibo vya masikio. Jina lake silijui, ila huyo namsifu popote nitakapokuwa.

Sanduku lilibaki nasi ukumbini. Lebo yake ilisema viti vya ofisi. Viti vya ofisi vilitaka kumzuia mtoto asimzike baba yake!

Mimi niliondoka baadaye sana, kwa msafara wa magari. Mwendo wake ni wa taratibu kwa sababu barabara inakaguliwa mabomu mbele yenu, na joto la ndani ya gari la deraya silisahau. Lakini kabla hatujatoka, kamanda wa msafara alitukusanya, akatueleza njia, mahali pa kusimama, na kila mmoja afanye nini tukishambuliwa. Ilimchukua dakika chache. Barabara ile ilikuwa na hatari kuliko anga, nami niliipita nikiwa na utulivu ambao sikuupata hata saa moja kwenye ule ukumbi.

Kwa hiyo alama nzuri ni za marubani na yule mhudumu, na msafara nao nauongezea. Dawati la abiria silipi hata moja. Ukipita kituo cha namna hiyo na karatasi ya msiba, usiiache dawatini. Ishike mkononi, na anayepanga mizigo akishuka kuhesabu watu, mwoneshe yeye.