Python ndani ya simuleta: mwezi wangu na cocotb

Nyumbani Jang'ombe nina tangi la maji juu, na pampu huiwasha kwa mkono kila maji ya mfereji yakija. Nimeamua kuiundia kidhibiti kwa Verilog, lugha ya kuelezea saketi, kwenye FPGA, chipu ambayo saketi yake unaipanga mwenyewe. Kihisi cha tangi kinatuma habari kwa waya mmoja, biti 9600 kwa sekunde.

Zamani hata majaribio niliyaandika kwa Verilog, kisha nikakaa kukodolea mawimbi ya saketi kwenye programu ya GTKWave. Kwa cocotb, maktaba ya kujaribia saketi, unaandika jaribio kwa Python, na Python yenyewe inakaa ndani ya simuleta, yaani programu inayoigiza saketi kwenye kompyuta. Si programu mbili zinazotumiana mafaili. Simuleta yangu, Icarus Verilog, ikianza, inapakia maktaba ya cocotb kupitia VPI, mlango wake wa kuunganishia programu za nje, na maktaba hiyo inamwamsha humohumo mkalimani wa Python, yaani programu inayoendesha msimbo wa Python. Ni kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja: mchi wa huyu ukipanda, wa yule unashuka. Python ikifanya kazi, wakati wa saketi umesimama. Ikifika kwenye await, neno la kusubiri tukio, inaachia. Simuleta inasonga mpaka tukio linalosubiriwa, halafu Python inaamshwa tena.

Kwa jaribio la Python nikaigiza kihisi, nikatuma baiti zote 256 mfululizo, bila nafasi baina yao, kwa kipokezi, sehemu ya saketi inayosoma waya wa kihisi. Kosa likatoka: kipokezi changu kilisubiri biti ya kufungia, ile inayomaliza kila baiti, iishe kabisa, kikachelewa kuona mwanzo wa baiti inayofuata. Nilipokuwa nikijaribu baiti mojamoja nisingeliona kamwe.

Kasoro yake ni mwendo, maana kila kumwamsha mkalimani kuna gharama. Saa ya saketi yangu ni megahezi 50, kwa hiyo biti moja inachukua mipigo 5208 hivi, na mimi nilikuwa namwamsha kila mpigo. Nilienda msikitini kuswali, nikarudi, jaribio bado linaendelea! Nikaihamishia saa ndani ya Verilog, na Python ikawa inasubiri kwa Timer, amri ya cocotb ya kusubiri muda fulani, mara moja kwa kila biti. Sasa linaisha chai haijapoa.

Wanaoanza wajue hili: ukisubiri RisingEdge, yaani mpigo wa saa unapopanda, kisha ukasoma rejista (sehemu ya saketi inayohifadhi thamani) papo hapo, utapata thamani ya zamani, kwa sababu Python imeamshwa kabla rejista hazijabadilika. Subiri ReadOnly, hatua ambapo thamani zote zimekwisha kutulia, ndipo usome. Mimi nilipoteza usiku mzima hapo, sitaki mwengine aupoteze.

cocotb haiuzwi, unaipata kwa pip, kisakinishi cha Python, na ukishaiweka huhitaji intaneti.

Kilichonifurahisha zaidi ni mtoto wa dada yangu aliyeko Wete. Hajui Verilog hata mstari mmoja, ila Python anaijua vizuri. Nilimwomba aandike jaribio la tangi kujaa. Akaliandika maji yawe yanatikisika karibu na alama ya juu, na pampu yangu ikawa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Kosa hilo ndilo ninalolirekebisha wiki hii.