Habari wanawahi, ila maiti zinakuja bila hodi (nyota 2 kati ya 5)

Nyota 2 nawapa waandishi wao, maana kwa habari zenyewe hii apu iko vizuri, inawahi, haizushi, na hata mtandao ukiwa dhaifu inafunguka. Shida ni picha.

Ikitokea ajali au shambulio notifikesheni inakuja na picha yake kabisa, yaani hujafungua chochote, simu iko mezani, mtoto yuko pembeni, mara skrini inawaka na mwili wa mtu, uso unaonekana, nguo zinaonekana. Sasa ndugu yake ambaye bado hajapigiwa simu na mtu yeyote ndo apate msiba hivyo? Hata shati tu linatosha mtu kumjua wa kwao. Kwenye setingi kuna sehemu ya kuficha picha nzito, ila imezimwa tangu mwanzo na iko ndani huko, na ukiiwasha inafanya kazi ndani ya apu tu, notifikesheni ziko vilevile.

Niliwaandikia wakanijibu kazi ya habari ni kuonyesha ukweli. Sawa, sijasema wafiche. Mwaka 1955 kule Marekani mama yake Emmett Till, kijana mweusi wa miaka 14 aliyeuawa kikatili na wazungu, aliacha jeneza la mwanae wazi, akaruhusu picha zichapishwe ili watu waone alichofanyiwa, na kweli zilitikisa nchi. Lakini aliyeamua ni mama mtu. Shambulio la kigaidi kwenye hoteli ya Dusit Nairobi, Januari 2019, New York Times walipoweka picha ya watu waliouawa wakiwa wamekaa mezani, nani aliulizwa? Wakenya walikasirika sana, gazeti likajitetea kwamba wasomaji waone hali halisi ya shambulio.

Na kwenye hii apu kuna kitu kinaniumiza zaidi, janga likiwa nchi tajiri naona mishumaa, maua, watu wamekumbatiana, likiwa nchi maskini naletewa miili. Kwani hao hawana mama?

Watoe picha kwenye notifikesheni, waweke ukungu tangu mwanzo mtu aamue mwenyewe kufungua, na uso wa marehemu usitoke kabla familia haijaambiwa. Wakirekebisha nitarudi kuongeza nyota. Kwa sasa nimezima notifikesheni zote, kwa hiyo hata tahadhari ya mafuriko inanipita.