Cherehani ya miguu na sindano ya mkono: uzoefu wangu hapa Moshi

Cherehani ninayoitumia ni ile nyeusi ya chuma, ya miguu, niliyoinunua ikiwa imetumika kutoka kwa fundi wa Mbuyuni aliyekuwa akihamia kwenye mashine ya umeme. Kabla ya hapo nguo zote za nyumbani nilizishona kwa mkono. Kwa mishono mirefu iliyonyooka haina mpinzani. Doti ya kanga, ambayo kwa sindano hunimalizia jioni nzima kuipinda, huisha kabla chai haijapoa, na umeme ukikatika kazi haisimami.

Hata hivyo, tofauti kubwa haiko kwenye kasi bali kwenye mshono wenyewe. Mkononi uzi ni mmoja unaopanda na kushuka. Cherehani hutumia nyuzi mbili, wa juu na wa bobini (kigurudumu kidogo cha uzi wa chini), zinazopaswa kukutana katikati ya unene wa kitambaa, na zisipokutana hapo vitanzi hujitokeza, mara nyingi upande wa chini, mahali ambapo mshonaji haoni mpaka ageuze nguo. Yule fundi alinionyesha kipimo ninachokitegemea hadi leo: unashika ncha ya uzi, unaacha kasha la bobini lining'inie, kisha unatikisa mkono kidogo. Kasha likishuka kidogo na kusimama, skurubu yake iko sawa, likiporomoka, imelegea, lisiposogea kabisa, imebana mno. Sindano nazo hazibadilishani kazi: namba 14 kwa kitenge, namba 16 kwa jinzi za mitumba ya Kiborloni, namba 11 kwa vitambaa vyepesi.

Kwenye vitambaa vyepesi, lakini, narudi mkononi bila kusita. Shifoni huteleza na kukunjamana chini ya mguu wa cherehani, ule unaokandamiza kitambaa, na satini ikifumuliwa, matundu ya sindano hubaki yakionekana. Upindo wa gauni la sherehe pia naumalizia kwa mkono, nikidaka uzi mmoja au miwili tu ya kitambaa kila hatua ili kwa nje pasionekane kitu. Kupiga bandi, yaani kushikiza kwa muda kwa mishono mirefu, kabla ya kuunga mikono ya gauni ni kazi ya mkono vilevile, ingawa mafundi wengi wa barazani huiruka na kutegemea pini, na bega likivutika utajua.

Matunzo ni madogo: kufuta vumbi la nyuzi na kutia mafuta ya cherehani, kamwe si ya kupikia, kwa kuwa hayo huganda. Lalamiko langu ni kwamba inashona mstari ulionyooka tu, hivyo matundu ya vifungo nayazungushia uzi kwa mkono, na nguo zinazofumuka nyuzi kingoni nazipeleka kwa fundi mwenye ovaloki, mashine ya kuziba kingo. Anayepunguza sketi na kurudishia vifungo mara moja moja asijisumbue kuinunua. Mwenye watoto wa shule na sare za kila mwaka aitafute.